Cantina tatu kwa siku moja ni nyingi: jibu kwa familia inayokwenda Toscana

"Mwishoni mwa Septemba mimi na mume wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na tumejipangia wiki moja Italia. Tumelipia nyumba ya shambani karibu na Pienza, Toscana, Jumamosi hadi Jumamosi. Tutakuwa wanne: sisi wawili, mama yangu mzazi wa miaka 68 ambaye hanywi pombe kabisa, na binti yetu wa miaka 9. Sisi ni watu wa Dodoma, zabibu tunazijua, ila hatujawahi kwenda kuonja mvinyo kwa wanaoutengeneza. Nimepanga hivi: kila asubuhi mji mmoja (Siena, Firenze, San Gimignano, Pisa, Cinque Terre, Roma), na kila alasiri cantina (mahali wanapotengeneza mvinyo) mbili au tatu njiani tukirudi. Mume wangu ndiye atakayeendesha. Anasema kuonja si kunywa, na akimalizia na kahawa hakuna tatizo. Anatumia dawa za presha. Je, ratiba hii inawezekana? Ni lazima kuweka miadi? Tusiponunua chupa tutaonekanaje? Na mama atakaa wapi sisi tukionja?"

Dada, hongereni kwa miaka 20. Nimeisoma barua yako mara mbili, na chini ya maswali yako yote naona wasiwasi mmoja: mnaogopa kwenda mbali hivyo, kwa gharama hiyo, halafu mrudi mkiwa mmeacha kitu. Ndiyo maana ratiba imejaa pomoni. Familia nyingi ninazozisaidia kupanga safari za Toscana huanza hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba mkiifuata ratiba hii mtaiona Italia kupitia kioo cha gari, na mvinyo mtakaoonja Jumatatu hamtaukumbuka Jumatano. Ningeipunguza ibaki karibu nusu. Cantina moja kwa siku, tena asubuhi, na zisizidi tatu kwa wiki nzima. Sababu ziko kwenye barabara, kwenye damu na kwenye ulimi.

Nianze na barabara. Pienza iko katika Val d'Orcia, bonde ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Miji ya huko ilijengwa juu ya vilima kwa ajili ya ulinzi, kila mmoja ukiutazama mwenzake ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo kutoka mji hadi mji unateremka hadi chini kabisa, unavuka, kisha unapanda tena kona kwa kona. Pienza hadi Montalcino hazifiki kilomita 25, lakini mtatumia zaidi ya nusu saa. Hadi Siena ni kilomita 50 na kitu, nanyi mtakaa njiani saa nzima. San Gimignano ni saa moja na nusu, Firenze inakaribia saa mbili, Pisa na Roma ni zaidi ya saa mbili. Cinque Terre iko mkoa mwingine kabisa, Liguria, na kutoka kwenu ni zaidi ya saa tatu kwenda tu. Ukijumlisha na kurudi, siku imekwisha, na mtoto amekaa garini saa sita na ushei.

Septemba ni mwezi wa mavuno pia. Mbele yenu mtakuta trekta linavuta tela la zabibu kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hakuna mahali pa kulipita. Halafu kila baada ya kona mbili mmoja wenu atasema "simamisha nipige picha." Hesabu saa badala ya kilomita, kisha ongeza robo.

Sasa nije kwenye kauli ya mume wako kwamba kuonja si kunywa. Ni kweli kwa mtu anayetema. Kwa anayemeza, hesabu yake iko hivi. Glasi moja ya kuonja huwa na mililita 50 hivi. Cantina nyingi humpa mgeni mvinyo wa aina nne au tano. Cantina tatu, aina tano kila moja, ni glasi 15, na 15 mara 50 ni mililita 750. Hiyo ni chupa nzima, dada, kwa mtu mmoja, kabla ya chakula cha jioni. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajaa bila mtu kuhisi kwa sababu hakuna glasi hata moja iliyoonekana kubwa.

Hata cantina moja haiko mbali na mstari. Mvinyo mwekundu wa Toscana huwa na kilevi cha asilimia 13.5 hadi 14.5. Katika mililita 50 zake mna gramu tano na nusu hivi za pombe halisi; glasi tano zinakaribia gramu 28. Sheria ya Italia inamruhusu dereva awe na chini ya gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na anayemiliki leseni kwa muda usiofika miaka mitatu hatakiwi kuwa na hata chembe. Mwanamke wa kilo 65 akimeza glasi hizo tano tumboni hamna kitu anaweza kuupita mstari huo. Mwanamume wa kilo 80 anaweza kuukanyaga. Ini hupunguza takriban gramu 0.15 kwa lita kila saa, kwa mwendo wake lenyewe. Kahawa hailiharakishi. Inachofanya ni kumpa mlevi macho makavu, na dereva aliyechangamka huku damu yake haijasafika ni hatari kuliko anayejua kuwa amelewa.

Chakula kinasaidia, ila ujue kinasaidia vipi. Pombe nyingi hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, siyo tumboni. Mkate na jibini vikiwa tumboni huichelewesha kushuka, hivyo inaingia kwenye damu polepole na kilele chake kinakuwa chini. Haiondoki, inakuja kwa awamu. Kwa hiyo mtu aliyekula vizuri anaweza kujisikia mzima anapoondoka mezani, kisha pombe ikaendelea kuingia akiwa kwenye kona ya tatu.

Adhabu nayo si ndogo. Ukikutwa kati ya 0.5 na 0.8 faini huanzia euro 573 na kufika 2,170, na leseni husimamishwa miezi mitatu hadi sita. Zaidi ya hapo linakuwa kosa la jinai. Bima ya gari la kukodi nayo inaweza kukataa kulipa ajali ikibainika dereva alikuwa amepita kiwango. Na mimi hapo sijafikiria faini tu. Nyuma ya gari hilo watakuwa wamekaa mama yako na binti yako.

Kuhusu dawa za presha, hapa naomba unisikilize kwa makini, maana mimi si daktari. Pombe hutanua mishipa ya damu, na baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo au inayokaribiana nayo. Vikikutana, mtu akinyanyuka ghafla kwenye kiti anaweza kupata kizunguzungu. Ghala nyingi za mvinyo huko ziko chini ya ardhi, na ngazi zake ni za mawe, zimelainika kwa unyevu. Kabla hamjaondoka, mume wako achukue vidonga vyake vyenyewe, aende kwa daktari anayemtibu, aulize waziwazi: naweza kunywa, kiasi gani, na ni saa ngapi baada ya kumeza dawa? Jibu la daktari huyo ndilo mtakalolifuata, hata kama litapingana na chochote nilichoandika hapa.

Mna njia nne za kuonja bila kuogopa usukani.

Ya kwanza, dereva atatema. Najua kwetu kutema mbele ya watu ni utovu wa adabu, na Watanzania wengi niliowapeleka cantina walimeza kwa sababu ya aibu tu. Kule ni kinyume. Mezani kuna chombo maalumu cha kutemea, wanakiita sputacchiera, na anayekitumia anahesabiwa kuwa mtu anayechukulia mvinyo kwa uzito. Hata mtengenezaji mwenyewe anatema, asubuhi nzima. Mume wako ajizoeze nyumbani kwa maji, kwenye sinki: akusanye midomo, asukume kwa ulimi, utoke mchirizi mmoja. Ila kutema hakuondoi kila kitu, kwa sababu kidogo hunyonywa kwenye utando wa mdomo na kidogo hupita kooni. Kwa cantina moja inatosha. Kwa tatu sikushauri.

Ya pili, kukodi gari lenye dereva kwa nusu siku. Waitaliano wanaliita NCC, na ni tofauti na teksi. Lazima uliweke mapema. Usitegemee kutoka cantina na kuita gari kwa simu kama unavyofanya Dar es Salaam, maana mashambani hakuna litakalokuja. Gharama yake inauma, lakini kwa siku moja ambayo nyote wawili mnataka kumeza, mkisherehekea miaka 20, naona inastahili.

Ya tatu, kuonja kwa miguu. Montepulciano ina maghala ya kale yaliyochimbwa chini ya majumba ya mji wenyewe, na baadhi hupokea wageni wanaoingia kutoka mtaani bila miadi. Mnashuka ngazi, mnapita kati ya mapipa makubwa kuliko gari, mnaonja, mnatoka na kutembea mjini saa kadhaa. Bado mtu atatakiwa kuendesha hadi nyumbani dakika 25, kwa hiyo dereva wa siku hiyo atatema, au mtatumia basi linalopita Montepulciano na Pienza. Lina safari chache, na Jumapili chache zaidi.

Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wengi hawaifikirii. Ulizeni mlipofikia. Kama nyumba yenu ni agriturismo, kisheria lazima iwe shamba linalofanya kazi kweli, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 inaruhusu jina hilo kwa mkulima anayepokea wageni pembeni ya kilimo chake. Wengi wanatengeneza mvinyo au mafuta ya zeituni, au wana jirani anayetengeneza. Mwambieni mwenyeji awaandalie meza jioni moja. Mtaonja kwa utulivu na kwenda kulala kwa miguu yenu.

Nilitaja ulimi. Zabibu inayotawala Toscana ya kati inaitwa Sangiovese. Ina uchachu mkali na tanini nyingi. Tanini unaijua, dada, hata kama jina ni geni: uma bibo bichi la mkorosho, au zambarau ambayo haijaiva vizuri, ule ukakasi unaokausha fizi na kuufanya ulimi uwe kama umefutwa kwa kitambaa, ndiyo hiyo. Kinachotokea ni kwamba tanini inashika protini zilizomo kwenye mate, zile zinazoufanya mdomo uwe mtelezi, na kuziondoa. Glasi ya kwanza mate yanarudi haraka. Ya nne yanachelewa. Ikifika ya nane au ya tisa, mdomo umebaki mkavu, na kila mvinyo mwekundu unaanza kuonekana sawa na mwenzake. Ndiyo maana mezani wanaweka jibini la pecorino, la maziwa ya kondoo, ambalo Pienza ni maarufu kwalo: mafuta na protini zake hukamatana na tanini kabla haijafika kwenye mate yako. Onja mvinyo peke yake, kisha kata kipande cha pecorino iliyokomaa, tafuna, onja mvinyo uleule tena. Utadhani wamebadilisha chupa. Mkate wa huko hauna chumvi, usishangae, na unafaa kwa kazi hiyo hasa kwa sababu hauingilii.

Kwa hiyo hata kama pasingekuwa na polisi wala barabara, cantina ya pili na ya tatu mngekuwa mnalipia kitu ambacho mdomo hauwezi tena kukipokea.

Miadi ni lazima, isipokuwa kwenye maghala ya mjini niliyoyataja na maduka ya mvinyo. Na hapa watu wa Dodoma mna jambo la kuwasaidia kuelewa. Kwetu mzabibu hauna majira ya baridi ya kuulaza, ndiyo maana mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Toscana mzabibu unalala baridi nzima, unachipua kwenye majira ya kuchipua, unavunwa mara moja tu. Mwishoni mwa Septemba kazi yote ya mwaka iko mikononi mwa watu haohao ambao mngetaka wawamiminie glasi. Mvua ikitishia, familia nzima iko shambani na mikasi tangu alfajiri. Mkitokea getini bila taarifa, hakuna anayewadharau. Hakuna mtu tu.

Andikeni wiki nne au sita kabla. Ombeni saa nne asubuhi au saa tano, wao wataandika 10:00 au 11:00. Asubuhi ulimi ni mpya, na mkimaliza mnaingia kwenye chakula cha mchana, ambacho migahawa ya vijijini hupika kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Mkichelewa hapo, jiko limefungwa hadi jioni. Jumapili mashamba madogo mengi hayapokei wageni. Barua iwe fupi, na mkiandika kwa Kiitaliano mtajibiwa kwa moyo zaidi: "Buongiorno, vorremmo prenotare una degustazione per tre adulti, di cui una astemia, e una bambina di 9 anni." Maana yake mnaomba nafasi ya kuonja kwa watu wazima watatu, mmoja wao hanywi, na mtoto wa kike wa miaka 9. Mkifika, "buongiorno" kwanza ndipo shida. Ni kama hodi kwetu. Anayeanza na shida bila salamu anapokelewa kwa baridi.

Kwa kawaida mtalipa, mara nyingi kati ya euro 20 na 50 kwa mtu, na kwa mvinyo mkongwe zaidi ya hapo. Hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu kununua: mkishalipa, hamdaiwi chupa. Baadhi ya cantina hupunguza au kufuta ada hiyo mkinunua, ulizeni mapema. Kwenye shamba dogo la familia, ambako mzee mwenyewe amewaacha wavunaji akaja kukaa nanyi saa nzima na nusu, mimi hununua chupa moja au mbili kwa heshima. Nunueni kile mlichokipenda. Msinunue kilicho ghali kwa kuona haya.

Hapo naomba niwaokoe na makosa mawili ya dukani. La kwanza ni jina Montepulciano. Vino Nobile di Montepulciano ni mvinyo wa mji huo jirani yenu, na angalau asilimia 70 yake ni Sangiovese. Montepulciano d'Abruzzo hauhusiani na mji huo hata kidogo. Hapo Montepulciano ni jina la zabibu nyingine, ya mkoa mwingine. La pili ni kudhani kwamba Montalcino ni Brunello tu. Brunello ni Sangiovese mtupu, na kisheria hauuzwi hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno, ukiwa umekaa angalau miaka miwili kwenye mbao. Miaka hiyo ya kuutunza inalipiwa, na ndiyo bei yake. Mashamba hayohayo yanatengeneza Rosso di Montalcino, zabibu ileile, unaotoka mapema zaidi. Ni mwepesi, una harufu ya matunda yaliyotoka kuchumwa, na kwa mtu anayeanza mara nyingi unaeleweka haraka kuliko Brunello. Muonje yote miwili pamoja, glasi mbili juu ya kitambaa cheupe. Inamisheni. Rosso utabaki na wekundu wa damu ya mzee hadi ukingoni. Brunello ukingoni umegeuka rangi ya tofali. Mwoneshe na binti yako, hilo halihitaji kunywa.

Mama asiachwe garini wala nyumbani. Kwenye barua mmeshasema "astemia", mtu asiyekunywa pombe, na neno hilo linaheshimiwa bila maswali. Aletewe mafuta ya zeituni na mkate, pecorino changa na iliyokomaa, asali ikiwepo. Mafuta mapya ya mwaka huanza kukamuliwa Oktoba, hivyo mtapata ya mwaka uliopita, bado mazuri. Kama hagusi pombe hata ndani ya chakula, aulize kabla ya kuagiza, kwa sababu mchuzi wa nguruwe mwitu na nyama nyingi za kuchemshwa polepole hupikwa kwa mvinyo mwekundu. Neno ni "senza vino". Biskuti za cantucci zenyewe hazina neno, ila huletwa na kiglasi cha vin santo cha kuchovyea, ambacho ni mvinyo mtamu na mkali. Na ngazi: barabara kuu ya Montepulciano inapanda kuanzia lango la chini hadi Piazza Grande, uwanja mkuu wa mji, na kwa magoti ya miaka 68 ni mlima. Kuna basi dogo la mji, mpande nalo, mteremke kwa miguu.

Mtoto anaruhusiwa kwenye cantina nyingi, ila nikuonye jambo ambalo wageni hawalijui. Wakati wa mavuno maji ya zabibu yanachachuka, sukari inageuka pombe na hewa ya kaboni. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu, na hukaa chini, kwenye sakafu za maghala, usawa wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Imewahi kuua wafanyakazi wazoefu. Cantina makini hupuliza hewa na huweka vipima, na zitawaambia chumba gani hamuingii. Zikiwaambia msubiri nje, subirini nje bila kubembeleza.

Ningewapangia hivi. Jumapili msiwashe gari zaidi ya kwenda Pienza. Ni mji mdogo ambao Papa Pius wa Pili, aliyezaliwa hapo, alimkabidhi Bernardo Rossellino aujenge upya kuanzia mwaka 1459. Mnauzunguka saa moja, kisha mnakaa ukutani mkiangalia bonde. Jumatatu Montepulciano kwa miguu. Jumanne hakuna mvinyo, ni siku ya mama na mtoto: Bagno Vignoni, ambako uwanja wa kijiji wenyewe ni bwawa la maji ya moto. Kuoga hapo katikati hairuhusiwi, lakini maji yanashuka pembeni ya kilima na watu wanachovya miguu. Kisha Bagni San Filippo, ambako chokaa ya chemchemi imejenga mwamba mweupe katikati ya msitu hadi watu wanauita nyangumi mweupe. Nguo za kuogea na viatu vya kulowa. Jumatano ndiyo siku yenu kubwa, Montalcino, na gari lenye dereva: cantina moja saa nne na nusu, chakula cha mchana kirefu, halafu abasia (monasteri) ya Sant'Antimo chini ya kilima. Alhamisi Siena, siku nzima, bila mvinyo njiani.

Ijumaa acheni gari kwenye kituo cha reli cha Chiusi mkapande treni. Firenze inafikika hivyo, lakini kwa siku moja mkiwa na mtoto mimi ningechagua Orvieto, nusu saa hivi kusini. Kutoka kituoni kuna treni ya kamba inayopanda mwamba hadi mjini, kuna kanisa kuu ambalo uso wake unang'aa kwa michoro ya vipande vya vioo, na kisima cha San Patrizio chenye ngazi mbili zinazozungukana, moja ya kushuka na nyingine ya kupanda, 248 kila moja, ili anayeshuka asikutane na anayepanda. Mama abaki juu. Binti yako atazihesabu zote. Na Orvieto wana mvinyo mweupe, ambao baada ya wiki ya wekundu ni pumziko. Roma, Pisa na Cinque Terre ziacheni. Kama Roma ndiyo mnayoshukia kwa ndege, ipeni usiku mmoja mwishoni badala ya kuiendea na kurudi.

Kuhusu gari, mambo mawili yanaweza kuharibu safari. Leseni ya Tanzania peke yake haitoshi. Mume wako anahitaji kibali cha kimataifa cha udereva pamoja nayo, na kibali hicho kinatolewa nyumbani, si uwanja wa ndege wa Italia. Kampuni nyingi pia hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya amana. Nendeni wenyewe mkaulize ana kwa ana, kibali kwenye ofisi inayokitoa na kadi kwenye benki yenu, walau mwezi mmoja kabla.

La pili ni ZTL, eneo la katikati ya miji ya kale ambalo magari ya wasioishi humo hayaruhusiwi. Hakuna geti wala askari. Kuna bango la duara jekundu na kamera. Mwaka wangu wa kwanza niliingia ndani ya mji mmoja mara mbili asubuhi moja nikitafuta hoteli, sikujua lolote, na miezi saba baadaye zikaja bahasha mbili, kila kuvuka kosa lake, kuanzia euro 80 na ushei kwa moja, pamoja na ada ya kampuni ya gari kwa kutoa jina langu. Ramani ya simu haikuwahi kunionya. Siena na Firenze ni hivyo hivyo. Egesheni nje ya kuta: mistari myeupe ni bure, ya buluu ni ya kulipia, ya njano ni ya wenyeji, msiiguse. Siena ina maegesho yenye ngazi za umeme zinazowapandisha hadi mjini, magoti ya mama yatashukuru.

Wiki hii fanyeni jambo moja tu: mwandikieni mwenyeji wenu Pienza, mumuulize kama anatengeneza mvinyo, anamfahamu dereva gani wa NCC, na cantina ipi ya Montalcino inapokea watoto wakati wa mavuno. Watu wa bonde lile wanajuana, na jibu lake litawafaa kuliko orodha yoyote. Mama mfikishie shikamoo yangu, na umwambie abebe viatu vyenye soli isiyoteleza.